Mlowezi na Jina Lake: Suala la Kuziita Jamii za Kijerumani za Historia ya Kubuni

Makala haya yanakusudia kuchunguza jambo ambalo, kwa mtazamo wa kwanza, huenda likaonekana halistahili nafasi katika kurasa hizi: namna ya kuzipa majina jamii za walowezi wa Kijerumani ambazo hazikupata kuwako. Jamii hizo zimo katika michezo ya kompyuta ya mkakati, ambamo mchezaji hushika hatamu za dola fulani na kuiendesha kwa karne kadhaa, akiamua juu ya vita, biashara na uhamiaji. Miongoni mwa wachezaji wako wanaoufungua mchezo na kuubadilisha, wakaongeza nchi, tawala na makabila ambayo waundaji wake hawakuyatia. Mabadiliko ya aina hiyo huitwa modi. Baadhi ya modi hujengwa juu ya historia mbadala: ingalikuwaje lau Wajerumani wangalihamia Venezuela kwa wingi katika karne ya 16, au lau wangalibaki Usambara baada ya Vita Kuu ya kwanza?

Kila jamii ya kubuni huhitaji jina, nalo huandikwa mara mbili: mara moja kama alama ya ndani inayosomwa na kompyuta, na mara ya pili kama neno ambalo mchezaji huliona mbele yake katika ramani. Hilo la pili ndilo linalotuhusu. Swali analojiuliza mtunga modi ni lile lile ambalo taaluma ya majina imelishughulikia kwa muda mrefu: ni nani humwita mwenziwe nani, kwa kutumia umbo gani la lugha, na katika kuitwa huko ni nani anayepoteza kitu?

Mmoja wa wanafunzi wetu, ambaye anashiriki katika kuitafsiri modi ya namna hiyo kwa Kiswahili, alituonyesha orodha ya majina yaliyopendekezwa na watungaji wake. Karibu yote yalikuwa na sura moja: kiambishi Neu-, maana yake '-pya', kisha jina la watu wa jimbo fulani la Ujerumani. Kwa hiyo palikuwa na Neubayern, Neuhessen na Neusachsen. Yamkini watungaji hawakutambua kwamba Bayern, Hessen na Sachsen ni maneno ambayo katika Kijerumani hutaja nchi na watu wake kwa pamoja. Mwenye kuliona jina hilo katika ramani hawezi kujua kama ameonyeshwa kabila au mkoa. Lakini hitilafu kubwa zaidi si hiyo. Tukizitazama jamii halisi za Wajerumani waliohama, hatuioni kanuni ya Neu- ikitumika kwa watu. Hutumika kwa mahali. Wajerumani walijenga Neu-Langenburg, ambayo leo ni Tukuyu, na huko Texas wakaanzisha New Braunfels mwaka 1845. Hata hivyo jamii nzima ya Wajerumani wa Texas haikujulikana kwa jina la upya wowote. Anayehama huupa mji wake jina la kule alikotoka kwa sababu ya kumbukumbu; yeye mwenyewe hupewa jina kwa sababu nyingine kabisa.

Na tuanze na wale wanaoitwa Siebenbürger Sachsen, yaani Wasaksoni wa Transilvania. Mababu zao walianza kuhamia huko katikati ya karne ya 12, kwa mwaliko wa Mfalme Géza wa Pili wa Hungaria. Wengi wao walitoka katika nchi zilizo kando ya mito Rhein na Mosel, na lahaja yao inakaribiana zaidi na lugha ya Luxembourg kuliko Kijerumani cha Sachsen. Kwa nini basi wakaitwa Wasaksoni? Kwa sababu makarani wa mfalme walizoea kuwaandika kwa Kilatini Saxones, na kalamu ya karani ikashinda kumbukumbu ya mhamiaji. Baada ya vizazi kadhaa wenyewe walijiita hivyo hivyo, tena kwa fahari.

Habari ya Donauschwaben, au Waschwabi wa Danube, inaelekea huko huko ila imeongezewa jambo. Hawa waliteremka mto kwa mashua kutoka Ulm, hasa katika karne ya 18, wakapewa ardhi katika nchi za Hungaria zilizokuwa zimetwaliwa kutoka kwa Waturuki. Walitoka Pfalz, Lothringen, Hessen na kwingineko. Waschwabi wa kweli walikuwa sehemu tu. Majirani zao, Waserbia miongoni mwao, waliwaita Švabe bila ya kubagua, na hata leo katika mazungumzo ya kawaida ya Waserbia neno hilo humtaja Mjerumani yeyote. Lakini jina refu, lenye mto ndani yake, halikutungwa na mkulima wala jirani. Lilibuniwa mwaka 1922 na mwanajiografia Robert Sieger wa Graz. Tarehe hiyo si ya bahati. Mkataba wa Trianon wa mwaka 1920 ulikuwa umekwisha kuwagawanya watu hao baina ya Hungaria, Rumania na Yugoslavia, na waliokuwa raia wa dola moja wakawa wageni katika dola tatu. Jina lilihitajika wakati ule umoja ulipokuwa umevunjika, wala halikuhitajika kabla yake. Mtunga modi anayetaka jina la jamii yake litoke siku ya kwanza ya uhamiaji hana budi kulizingatia hilo: kwa kawaida jina la jumla huja baadaye, nalo huja kwa sababu ya shida.

Huko Pennsylvania mambo yalikwenda vingine. Tangu Germantown ianzishwe mwaka 1683, Wajerumani walikuja kwa wingi, hasa kutoka Pfalz, na lugha yao wakaiita Deitsch. Waingereza waliwaita Dutch, neno ambalo zamani lilihusu Wajerumani na Waholanzi kwa jumla na baadaye likabaki kwa Waholanzi peke yao, isipokuwa hapo Pennsylvania. Tulipokuwa masomoni Marekani tuliwahi kumsikia mtu mwenye elimu ya kutosha akieleza kwamba watu hao asili yao ni Uholanzi. Jina lililokuwa sahihi lilipoteza usahihi wake bila ya wenyewe kufanya lolote. Lugha ya jirani ndiyo iliyosogea.

Mfano unaotuvutia zaidi unatoka Estonia. Huko Wajerumani waliingia na wapiganaji wa msalaba katika karne ya 13, wakamiliki ardhi, na Waestonia wakawa watwana wao kwa karne nyingi. Katika lugha ya Kiestonia Ujerumani huitwa Saksamaa, nchi ya Wasaksoni. Lakini neno saks pekee limekuja kuwa na maana ya bwana mwenye cheo na mali. Jina la kabila limekuwa jina la tabaka. Sisi hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mwenziwe. Neno bepari lilitufikia likiwa na maana ya mfanyabiashara wa Kihindi, na katika Kiswahili cha siasa cha miaka ya 1960 na 1970 likawa ni yule mwenye mtaji anayewanyonya wenzake, awe wa asili yoyote. Hapana shaka kwamba jamii yoyote ya kubuni ambamo mlowezi anamiliki na mwenyeji analima, lugha ya huyo mwenyeji ingezaa neno la namna hii, na mchezo ambao hauna mahali pa kuliweka umeeleza nusu ya habari.

Baada ya mifano hiyo tunaweza kuliangalia umbo lenyewe. Kijerumani kina njia mbili kuu za kuliunda jina la mlowezi. Ya kwanza ni kuunganisha maneno mawili, la mwisho likiwa ndilo lenye kubeba maana ya msingi. Wolgadeutsche ni Wajerumani, na Volga inaeleza tu ni Wajerumani wa wapi. Watu hao walialikwa Urusi kwa tangazo la Malkia Katerina wa Pili la mwaka 1763. Wakapata jamhuri yao yenye madaraka ya ndani mwaka 1924. Na mwaka 1941 wakahamishwa kwa nguvu kupelekwa Siberia na Kazakhstan. Walipong'olewa Volga, sehemu ya kwanza ya jina lao ilibaki bila ya mahali, ilhali sehemu ya pili, Deutsche, ndiyo iliyokuwa hatia yao mbele ya serikali ya Stalin. Kinyume cha umbo hilo ni Deutschbalten, ambamo msingi ni Balten na Ujerumani umekuwa kipambanuzi tu. Anayejiita hivyo amesema kwamba kwao ni pwani ya Baltiki. Zipo pia jamii zinazoitwa Baltendeutsche katika maandishi mengine, na ni watu wale wale; kugeuza mpangilio wa maneno mawili kumegeuza dai lao la kisiasa. Hapa kwetu tumelishuhudia jambo hilo hilo: 'Wahindi wa Kenya' na 'Wakenya wenye asili ya Kihindi' si maelezo mawili yenye uzito sawa, na mwaka 2017 serikali ilipowatambua kuwa jamii ya 44 ya nchi, mjadala kwa kweli ulikuwa juu ya lipi kati ya maneno hayo mawili litangulie.

Njia ya pili ni kiambishi tamati -er, ambacho huungwa na jina la mahali na kuliacha asili bila ya kutajwa. Walowezi wa Kijerumani katika Namibia ya leo walijiita Südwester, watu wa Kusini-Magharibi. Jina hili lastahili kutafakariwa kwa makini, kwa maana halina Ujerumani ndani yake, wala halina Afrika, wala halina mtu. Lina upande wa dira tu. Nchi iliyoitwa kwa upande wa dira haidokezi kwamba ina wenyewe. Na katika nchi hiyo hiyo, kati ya mwaka 1904 na 1908, majeshi ya Kijerumani yaliwaangamiza Waherero na Wanama kwa kiasi ambacho serikali ya Ujerumani yenyewe ilikikiri mwaka 2021 kuwa ni mauaji ya kimbari. Hatusemi kwamba kiambishi -er kiliua mtu. Tunasema kwamba lilikuwapo jina ambalo mlowezi angeweza kulivaa bila ya kulazimika kumkumbuka mtu yeyote aliyekuwapo kabla yake. Namibia ilipopata uhuru mwaka 1990 jina hilo lilianza kuachwa, na Deutschnamibier likashika mahali pake: sasa msingi wa neno ni Mnamibia.

Kaburu wa Afrika ya Kusini alikwenda mbali zaidi kwa kulitwaa jina la bara zima, Afrikaner, hata mwenyeji mweusi ikawa shida kumtaja kwa jina ambalo lilipasa kuwa lake. Kiswahili hakikukubali. Kilichukua Boer, kikapata kaburu, na wingi wake makaburu. Baadhi ya wanaisimu husema kwamba ngeli ya ji-/ma- imetumika hapa kwa dharau, kama katika mabeberu. Sisi hatushawishiki sana, kwani madaktari na makarani wamo katika ngeli hiyo hiyo pasipo dharau yoyote. Maneno mengi ya kukopa yanayotaja watu huingia humo, na masetla wa Kenya waliingia kwa mlango huo. Dharau, kama ipo, imo katika historia ya neno.

Sasa na tuzijaribu kanuni hizi kwa jamii za kubuni zenyewe. Watungaji wa modi hupenda sana habari ya Klein-Venedig. Mwaka 1528 Mfalme Karl wa Tano aliikodisha Venezuela kwa jamaa ya Welser, wafanyabiashara wa Augsburg. Philipp von Hutten na Welser kijana waliuawa huko mwaka 1546, na miaka kumi baadaye haki hiyo ikafutwa. Tuseme kwamba haikufutwa, na Wajerumani wakaja kwa maelfu. Wangaliitwaje? Pendekezo lililokuwa katika orodha ni Neuaugsburger. Lakini ushahidi tunao, maana Wajerumani hatimaye walikwenda Venezuela: mwaka 1843 watu wa Kaiserstuhl, katika nchi ya Baden, walianzisha Colonia Tovar milimani, na lahaja yao ikajulikana kama alemán coloniero. Neno alemán ni la Kihispania, kutokana na kabila la kale la Alamanni. Coloniero limetokana na neno 'koloni' pamoja na kiambishi cha Kihispania. Hapana Augsburg wala Baden ndani yake. Mlowezi aliyezungukwa na lugha kubwa kuliko yake huitwa kwa lugha hiyo, na huishia kulikubali jina. Kwa hiyo Coloniero lafaa, na ni jina zuri kuliko yote yaliyokuwa katika orodha ile.

Ngome ya Groß Friedrichsburg, iliyojengwa na Brandenburg mwaka 1683 katika pwani ya Ghana ya leo, ni habari nyingine. Hapo hapakuwa na walowezi. Palikuwa na wanajeshi wachache na wafanyabiashara, na biashara yenyewe ilikuwa pamoja na ya kuuza watu. Wabrandenburg walipoiuza ngome kwa Waholanzi mwaka 1717, Jan Conny, mkuu wa Kiafrika aliyeishikilia, alikataa kuitoa kwa miaka kadhaa. Jamii pekee ambayo ingeweza kuzuka hapo kwa uwezekano wa kweli ni ya watoto wa baba wa Kijerumani na mama wa Kiafrika. Na tukitaka kujua watoto wa namna hiyo hujiitaje, mfano tunao katika Papua New Guinea, ambako watoto wa wazazi mchanganyiko waliolelewa katika misheni ya Vunapope karibu na Rabaul walizaa Kijerumani cha krioli, wakakiita Unserdeutsch, 'Kijerumani chetu'. Kimilikishi hicho ndicho kiini cha jambo. Aliyeambiwa kila siku kwamba lugha si yake ndiye mwenye haja ya kusema kwamba ni yake.

Tunafika Usambara, ambako suala linatugusa wenyewe. Mwaka 1913 Wazungu wote katika Afrika ya Mashariki ya Kijerumani walikuwa wapatao 5,000 na ushei, nao walikuwa wametawanyika kutoka Tanga hadi maziwa makuu. Wengine hawakutoka Ujerumani moja kwa moja: mwanzoni mwa karne ya 20 baadhi ya familia zilizoletwa kwenye miteremko ya Mlima Meru zilikuwa za Wajerumani wa Urusi, watu ambao huko walikotoka waliitwa Wajerumani na huku walikofika wakahesabiwa kuwa wa Urusi. Modi ile inakisia kwamba idadi hiyo iliongezeka mara mia, na kwamba makao yao makuu yalikuwa Wilhelmstal, yaani Lushoto.

Lugha yao tunaweza kuikisia bila ya kubahatisha mno. Maandishi ya Kijerumani ya wakati ule yamejaa Schamba, Boma, Schauri, Baraza na Askari, na walitutolea kwa upande wao shule na hela. Tena waliyachukua majina yetu pamoja na viambishi vyake: waliandika Waschambaa na Kisuaheli, na reli ya kutoka Tanga wakaiita Usambarabahn. Kutokana na hayo watungaji wa modi wamepata Usambarer. Mjerumani hataona kosa. Mswahili ataliona mara moja, kwa kuwa U- ni kiambishi cha nchi, na mtu hawezi kuwa U-. Ikiwa tutalisahihisha kwa kanuni za sarufi yetu, tuondoe U- na kuweka Wa-, tutapata Wasambara. Na hapo ndipo penye tatizo lote, kwani Wasambara ni watu tayari. Ni jina ambalo pwani imewaita Washambaa tangu zamani.

Katika lugha za Kibantu za eneo letu shina ni moja, nalo hubeba nchi, mtu na lugha kwa kubadilisha kiambishi tu. Mjerumani aliweza kujiita Südwester bila ya kugusa jina la Mherero, kwa kuwa dira haina watu. Kiswahili hakimpi mlowezi nafasi hiyo ya kujificha: akitwaa jina la nchi kwa njia ya ngeli, amelitwaa jina la wenyeji, na sarufi yenyewe inamtolea ushahidi. Njia aliyobakiwa nayo ni ya kihusishi cha -a unganifu: Wadachi wa Usambara. Neno Wadachi lina haki ya kutangulia kuliko Wajerumani, maana ndilo lililotumika Mrima wakati wa tukio lenyewe. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy amelitia katika anwani ya utenzi wake juu ya vita vya mwaka 1307 wa Hijra. Neno hilo limetokana na Deutsch, yaani jina ambalo wenyewe walijiita, nalo limeingia katika ngeli ya wa- bila ya matusi. Mlowezi hawezi kulalamika kwamba ameonewa.

Liko jambo la mwisho, la kiufundi, ambalo mwanafunzi wetu alilitaja. Katika Europa Universalis IV, mchezo uliotolewa na kampuni ya Paradox ya Stockholm mwaka 2013, kila jimbo lina utamaduni mmoja tu. Jimbo likiandikwa jina la mlowezi, basi Washambaa wametoweka hapo, wala mchezo hauulizi walikwenda wapi. Katika Victoria 3, wa mwaka 2022, wakazi hugawanywa kwa makundi na kila kundi lina utamaduni wake, kwa hiyo Mshambaa na Mdachi huweza kuhesabiwa katika jimbo moja. Modi inayozungumziwa ni ya mchezo wa kwanza. Tumemshauri kwamba jimbo la Usambara liachwe kwa jina la Washambaa, na Wadachi wawekwe Wilhelmstal na Tanga ambako majengo yao yalikuwako. Watungaji wamejibu kwamba 'Wadachi wa Usambara' ni jina refu na halitoshi katika kisanduku cha ramani. Kama ndivyo, na liandikwe Wadachi, basi, Wasambara lisitumiwe.